Seli ya jua kwa rosela na kokwa ya embe: mwongozo kamili kwa walimu na vijana wa Lamu

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuona kwa macho yake mwanga ukiihamisha elektroni kutoka kwenye rangi ya mmea hadi kwenye waya. Jiko la makaa, mita ya umeme na vitu vya sokoni vitakufikisha karibu na mwisho wa safari. Ni vitu viwili tu vya kuagiza. Nimemkusudia hasa mwalimu wa sayansi wa hapa Lamu, awe Mkomani, Langoni, Shela au ng'ambo ya Mokowe, mwenye wanafunzi wengi na vifaa vichache. Wa Malindi naye atafuata hatua zizo hizo.

Ujue mapema utakachopata. Seli moja ya sentimita chache za mraba, ikitengenezwa vizuri, hutoa volti 0.3 hadi 0.5 na mkondo wa karibu miliampia 1 kwa kila sentimita ya mraba katika jua kali. Haichaji simu. Seli nne zikiungwa kwa mfululizo zinaweza kuendesha kikokotoo kidogo, na mwanafunzi aliyeona kikokotoo kikifanya kazi kwa rosela hahitaji kushawishiwa kwamba kemia ina maana.

Jambo moja nitalirudia mpaka mwisho, kwa sababu ndilo linalotenganisha seli nzuri na kipande cha kioo chenye madoa: rangi iliyokoza si lazima iwe rangi inayofanya kazi. Inayofanya kazi ni ile iliyoshika.

Kinachotokea ndani

Titani dioksidi (nitaiita titani tu) ni unga mweupe, ule unaotiwa katika rangi za ukuta na dawa za meno. Ni mweupe kwa sababu mwanga tunaouona hauufyonzi. Hufyonza urujuanimno tu, yaani mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi takriban nanomita 390 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Sehemu kubwa ya jua la Lamu huupita bure. Ndipo rangi inapohitajika: rangi ifyonze mwanga wa kijani na wa manjano, kisha iikabidhi titani elektroni.

Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Lausanne nchini Uswisi, walichapisha seli ya namna hii iliyogeuza zaidi ya asilimia 7 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Kabla yao watu walipaka rangi juu ya titani bapa, na tabaka moja la molekuli juu ya uso bapa hufyonza mwanga kidogo mno. Wao walitumia utando wa punje za nanomita chache, zenye matundu kila mahali, hata uso wa ndani ukawa karibu mara elfu ya eneo la kioo kilichobeba utando huo. Rangi ikapata pa kukaa.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Mwanga unaipiga molekuli ya rangi na kuipandisha elektroni yake ngazi ya juu. Elektroni hiyo inarukia titani, inapita punje hadi punje mpaka kwenye kioo kinachopitisha umeme, inatoka kwenye waya, inafanya kazi, inarudi kupitia kioo cha pili. Huko iodini iliyomo katika kimiminika inaipokea, inageuka iodidi, yaani iodini iliyobeba elektroni, na iodidi inakwenda kulijaza pengo lililoachwa kwenye rangi. Hakuna kinachotumika kikaisha, angalau katika hesabu za karatasini.

Kinachoufanya mzunguko huu uwezekane ni tofauti ya kasi. Katika rangi nzuri elektroni hurukia titani ndani ya muda ulio chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kurudi kwake kwenye rangi ile ile iliyotoka huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi kati ya sehemu ya milioni na sehemu ya elfu ya sekunde. Katika mwanya huo iodidi inawahi kujaza pengo. Rangi isiyogusana na titani haipati nafasi hii: elektroni yake hushuka pale pale ilipopandia, na nishati yote huishia kuwa joto au mng'ao.

Kwa nini matawi

Chukua kiini kilicho ndani ya kokwa ya embe. Mna tanini ambazo molekuli zake zimejengwa kwa matawi: katikati glukosi, na kutoka kwenye glukosi hiyo yametoka matawi matano ya asidi ya galiki. Ncha ya kila tawi ina vikundi vitatu vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) vilivyokaa jirani kwa jirani, na haidroksili mbili zilizo jirani ndizo zinazoishika atomi ya titani barabara. Tawi moja likiachia, jingine limeshika bado.

Hapa kuna jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika kazi hii. Maji ya kiini cha embe yana rangi hafifu sana. Titani ni nyeupe. Ukivikutanisha, utando unageuka manjano mbele ya macho yako. Rangi hiyo haikuwamo katika kimoja wala kingine. Imetokea kwa sababu sasa mwanga wa buluu unaweza kuitoa elektroni kwenye ncha ya tawi na kuitia moja kwa moja ndani ya titani, bila kupumzika kwanza katika ngazi ya juu ya molekuli. Manjano unayoiona ndiyo uhamisho wa elektroni wenyewe. Upungufu wake ni kwamba elektroni iliyovuka kwa njia hiyo fupi hurejea upesi pia, kwa hiyo usitarajie mkondo mkubwa.

Wanakemia nao hujenga rangi zenye matawi kwa makusudi. Kiini kinachopendwa sana ni trifenilamini: atomi moja ya naitrojeni yenye pete tatu za benzini, kila moja imejipinda upande wake. Naitrojeni ni mtoaji mwepesi wa elektroni. Ukiweka wapokeaji kwenye ncha za matawi yote matatu, mwanga ukipiga, msisimko huanza kwa kutanda matawi yote sawasawa. Lakini katika kimiminika chenye molekuli za nguzo mbili (upande mmoja chanya kidogo, wa pili hasi kidogo), kama alkoholi au asetonitrili, molekuli za jirani hugeuka na kuelekea tawi mojawapo, na ndani ya sehemu chache za trilioni za sekunde chaji huwa imetulia katika tawi hilo moja. Yale mawili mengine hubaki kando. Kwa mtengenezaji wa seli hili si jambo dogo: haina maana kuikamata nishati kwa matawi matatu kama chaji itaishia kwenye tawi lisilogusa titani. Ndiyo maana rangi nyingi za trifenilamini hupewa matawi mawili ya kutoa na moja tu la kupokea, lenye asidi ya kushikia titani mwishoni. Matawi makubwa hufanya kazi nyingine pia: huzuia molekuli zisilaliane, na huizuia iodini isiifikie titani na kuiba elektroni zilizokwisha kuvuka. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne walifikia asilimia 13 kwa rangi ya jamii ya porfirini, ndugu za klorofili ya majani, iliyopewa upande wa kutoa wenye matawi mapana ya namna hiyo.

Rosela iko katikati ya tanini za embe na rangi hizi za maabara. Rangi zake kuu ni za delfinidini na sianidini, na zote mbili zina haidroksili jirani. Inashika, inafyonza mwanga wa kijani karibu na nanomita 520, na inapatikana dukani.

Vitu vya kuwa navyo

Vya kuagiza ni kioo chenye utando wa oksidi ya bati uliotiwa florini, ambacho wauzaji hukiita kwa herufi FTO, na unga wa titani wa aina ya fuwele iitwayo anatasi, au mchanganyiko ulio na anatasi nyingi, wenye punje za nanomita 20 hadi 25. Usijaribu kupunguza gharama kwa kununua unga wa mafundi rangi. Ule punje zake ni kubwa karibu mara kumi, kwa kawaida ni wa fuwele ya aina nyingine, rutili, na mara nyingi umefunikwa kwa silika au alumina ili usiiharibu rangi ya ukuta. Umetengenezwa makusudi usifanye kile tunachokitaka. Vioo viagize vikiwa vimekatwa tayari, vifungwe kimoja kimoja kwa kitambaa, maana mzigo unaoshushwa Mokowe na kupakiwa boti hupita mikono mingi.

Vingine: siki nyeupe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kinu kidogo cha kaure, utepe wa plastiki unaong'aa, kijiti cha kioo, vibanio viwili vya karatasi kwa kila seli, mshumaa, rosela kavu, embe, na alkoholi safi (ethanoli au isopropanoli). Spiriti ya duka la dawa soma kibandiko chake kwanza: nyingine hutiwa methili salisilati, na salisilati hugombea kushika titani. Kutoka maabara ya shule omba iodini, iodidi ya potasiamu na ethilini glikoli. Dawa ya vidonda yenye povidoni haifai hapa.

Maji ni jambo la pekee kwetu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mabomba ya zamani huongeza kutu. Tumia maji ya mvua kutoka jabia, au maji safi ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji kweli, si asidi ya betri.

Hatua ya 1: Tambua upande wa kioo

Osha kioo kwa sabuni, kisuuze kwa maji ya mvua, kisha kwa alkoholi. Weka mita kwenye omu na ugusishe ncha zote mbili juu ya upande mmoja. Upande unaopitisha umeme utaonyesha namba ndogo, kama omu 10 hadi 30. Upande wa pili hauonyeshi kitu. Tia alama ya kalamu kwenye kona ya upande usiopitisha. Kuanzia sasa shika kioo kwa kingo tu.

Hatua ya 2: Saga titani

Vaa barakoa. Unga huu ni mwepesi mno na haufai kuvutwa puani. Funga madirisha ya upande wa upepo, hasa wakati wa kusi.

Changanya siki sehemu moja na maji sehemu tisa. Tia kwenye kinu gramu 3 za titani, na uongeze maji ya siki kidogo kidogo, kama mililita 4.5 kwa jumla, nusu mililita kila mara. Hapa ndipo subira inapohitajika. Mwanzoni utaona madonge makavu yanayokimbia kinuni. Usishawishike kumimina maji yote. Endelea kusaga. Donge likivunjika, tone jingine. Baada ya kama nusu saa mchanganyiko unaanza kung'aa juu, unateremka pole pole ukiinamisha kinu, na mchi hausikiki tena ukikwaruza. Asidi ya siki imezitenganisha punje. Maji matupu yasingefanya hivyo. Mwisho tia tone moja la sabuni na ukoroge taratibu bila kutoa povu, kisha uache utulie robo saa.

Hatua ya 3: Paka

Bandika kioo mezani kwa utepe, upande unaopitisha umeme ukiwa juu. Utepe ufunike kingo tatu, na ukingo mmoja uachie nafasi ya kama milimita 5 ya kubania klipu ya waya. Unene wa utepe ndio utakaokuwa kimo cha rojo. Dondoshea rojo kwenye ukingo wa juu, kisha uiburute kwa kijiti cha kioo mara moja, kwa mkono usiosita. Ukiona mistari, futa kwa kitambaa chenye maji na urudie papo hapo. Acha ikauke kwa dakika kadhaa, kisha bandua utepe.

Hatua ya 4: Choma

Punje sasa zimelala pamoja bila kuungana. Elektroni haiwezi kupita mahali ambapo punje hazigusani sawasawa, kwa hiyo lazima zichomwe kwa karibu nyuzi 450 za Selisiasi kwa nusu saa. Tanuri la maabara ni bora. Kama halipo, washa jiko la makaa lijae, weka tawa nzito ya chapati, na uweke vioo juu yake jiko likiwa bado halijapata moto, utando ukitazama juu. Vifunike kwa chungu kikuukuu cha udongo ili joto lisitoroke na upepo usiingie. Kisha pepea.

Kipimajoto huna, lakini utando wenyewe utakuambia. Funua chungu kwa koleo kila baada ya muda. Kwanza utando huwa wa rangi ya maziwa yaliyoungua: hayo ni masalia ya sabuni na siki yanayoungua. Baadaye kahawia hiyo huondoka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na weupe unarudi, safari hii mweupe mkavu. Ukishaona weupe umerudi kote, endelea kupepea kwa muda wa nusu saa. Utando unaobaki na kahawia haujaiva, na hautashika rangi vizuri.

Usiviinue vioo vikiwa moto. Upepo mmoja wa baharini ukivipiga, vitapasuka. Acha makaa yafe yenyewe.

Hatua ya 5: Tengeneza rangi wakati jiko linapoa

Rosela: loweka gramu 20 za maua makavu katika mililita 100 za maji ya moto yasiyochemka kwa nusu saa, kisha chuja kwa kitambaa safi. Ongeza matone machache ya siki. Usitie ndimu ingawa mazoea ya juisi yatakusukuma ufanye hivyo: asidi ya ndimu nayo hushika titani na itachukua nafasi za rangi. Magadi usiyakaribishe kabisa, yatageuza kila kitu kuwa buluu.

Kiini cha embe: pasua kokwa, toa kiini, kikate vipande vyembamba kwa kisu kisichoshika kutu, ukaushe kivulini na kukisaga. Loweka gramu 10 katika mililita 100 za mchanganyiko wa nusu alkoholi na nusu maji. Usichemshe, maana kina wanga mwingi na utapata uji. Acha kitulie usiku kucha, chuja mara mbili. Kujua kama tanini zimetoka, dondoshea tone juu ya msumari wenye kutu: likigeuka jeusi lenye ubuluu, zimo. Jaribio hilo ndilo pia sababu ya kukikataza kisu cha chuma, sufuria yenye kutu na maji ya bomba la zamani, kwa kuwa tanini itaungana na chuma kabla haijaifikia titani.

Ya kulinganisha: ponda mchicha ndani ya alkoholi upate kijani kilichokolea. Ukitaka ya nne, chukua maua ya bogenvilia ya zambarau, ambayo hayakosekani ukutani Lamu wala Malindi, na uyaponde katika maji baridi. Rangi zake ni za jamii nyingine kabisa, betalaini, zenye vikundi vya asidi vinavyoweza kushika titani, lakini joto huziharibu.

Hatua ya 6: Chovya, kisha osha

Vioo viwe vimepoa kiasi cha kushikika, lakini bado vina uvuguvugu mkali. Hili ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa bara. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na matundu ya titani hufyonza unyevu huo dakika unapokiacha kioo mezani. Maji yakishatangulia, rangi inapata shida kuingia. Chovya kila kioo katika rangi yake, utando ukitazama juu, ukifunike. Rosela hushika vizuri ndani ya saa moja, ingawa usiku mzima ni salama zaidi. Kiini cha embe utaanza kuona manjano mapema sana.

Sasa jaribio ambalo ningeomba usiliruke hata kama muda ni mfinyu. Toa kioo, kisuuze kwa maji ya mvua, kisha kwa alkoholi, na uangalie kinachobaki. Hina ikishika kiganja huwezi kuiondoa kwa maji. Ndivyo inavyotakiwa hapa. Rosela itatoa wekundu kidogo kisha itasimama, na utaona imehama kutoka wekundu wa juisi kuelekea zambarau. Kuhama huko ni dalili kwamba molekuli imeungana na titani. Embe itabaki manjano. Mchicha, uliokuwa na rangi kali kuliko yote chupani, utateremka na alkoholi na kuacha utando karibu mweupe: klorofili haina kikundi cha kuishikia titani.

Waambie wanafunzi waandike ubashiri wao kabla ya kuosha. Wengi watausifu mchicha.

Kausha kwa kupepea taratibu. Usifute utando kwa kitambaa, na usiuweke juani bila kufungwa, kwa sababu urujuanimno ukiipata titani huigeuza ikaanza kuitafuna rangi yenyewe.

Hatua ya 7: Kioo cha pili

Pitisha upande unaopitisha umeme wa kioo cha pili juu ya mwali wa mshumaa mpaka upate masizi sawasawa, au usugue kwa penseli laini. Kaboni hii inaisaidia iodini kupokea elektroni.

Hatua ya 8: Iodini na kufunga

Katika mililita 10 za ethilini glikoli isiyo na maji, yeyusha gramu 0.127 za iodini kisha gramu 0.83 za iodidi ya potasiamu. Tumia chupa ya kahawia yenye kifuniko.

Glikoli hii ni sumu, na ina utamu unaovuta watoto na wanyama. Paka hufa kwa kiasi kidogo sana, na Lamu hakuna ua lisilo na paka. Isiachwe wazi hata kwa dakika moja, na iliyomwagika ifutwe yote, kitambaa kifungwe kwenye mfuko.

Laza kioo cha masizi juu ya kioo cha rangi, nyuso zilizopakwa zikitazamana, uvisogeze kidogo ili kila kimoja kiache ukingo wa kubania waya. Bana kwa vibanio pande mbili. Dondoshea tone moja au mawili ya iodini kwenye mshono, fungua vibanio kidogo na kufunga tena kwa zamu. Utaona kimiminika kikiingia chenyewe na kutanda kote. Pangusa kingo zilizo nje kwa alkoholi.

Hatua ya 9: Pima

Kioo chenye titani ni hasi, chenye masizi ni chanya. Mwanga uingilie upande wa titani. Pima kwanza kivulini, halafu juani, na uandike volti bila mzigo (seli imeungwa na mita tu) na miliampia za mzunguko mfupi (mita ya mkondo imeunganisha vioo viwili moja kwa moja). Miezi ya kaskazi, jua likiwa safi kabla ya adhuhuri, ndiyo bora. Masika itakupa namba zinazoyumba kila wingu likipita.

Volti mara miliampia hizo mbili si nguvu ya seli, kwa kuwa hazipatikani kwa wakati mmoja. Chukua kitufe cha sauti cha redio mbovu, chenye ukinzani wa omu 500 au 1,000, ukiunge kwenye seli. Kizungushe kidogo kidogo, kila mara usome volti na miliampia, uzidishe. Zao kubwa kuliko yote ndilo nguvu halisi. Tuseme seli ya sentimita 4 za mraba imefika volti 0.25 na miliampia 1.3: hiyo ni miliwati 0.325. Jua kali la mchana huleta karibu miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba, yaani miliwati 400 kwa seli yetu. Ufanisi ni kama asilimia 0.08. Si aibu. Mwaka 1997 watafiti waliotumia sianini, rangi ya matunda iliyo ndugu ya zile za rosela, walipata kidogo zaidi ya nusu asilimia, wakiwa na maabara kamili.

Linganisha sasa namba za rosela, embe na mchicha na ulichoona wakati wa kuosha. Ndilo somo zima. Embe kwa kawaida iko chini ya rosela katika mkondo, kwa sababu inafyonza buluu tu na elektroni zake hurejea haraka. Mchicha utakupa kitu kidogo pia, maana titani yenyewe inafyonza urujuanimno. Ukitaka kukiondoa kitu hicho katika hesabu, tengeneza seli moja isiyo na rangi kabisa na utoe namba yake.

Ikikataa

Volti sifuri: vioo vinagusana mahali ambapo titani imebanduka, au umegeuza upande. Rudia kipimo cha omu. Volti zipo lakini mkondo ni hafifu: utando haukuiva, au iodini haikufika katikati. Ilifanya kazi asubuhi na jioni imenyamaza: kimiminika kimekauka, ongeza tone. Utando umepauka: iodini imepata maji, na maji huilegeza rangi. Klipu zikianza kuwa na ukungu wa kijani au kutu, ni chumvi ya hewani. Zifute na zihifadhiwe kwenye kopo lenye mchele mkavu. Seli iliyo wazi namna hii huishi saa kadhaa hadi siku chache. Ya maonyesho izibe kingo kwa gundi ya epoksi na itadumu zaidi.

Kusafisha na kutupa

Mifereji ya mitaa yetu huishia baharini, na punda hunywa popote. Usimwage iodini wala glikoli humo. Ikusanye kwenye chupa moja yenye maandishi, utie kidonge cha vitamini C kilichosagwa mpaka wekundu uondoke, na uipeleke pamoja na taka za kemikali za maabara. Kuondoka kwa wekundu hakuondoi sumu ya glikoli, kwa hiyo chupa ibaki imefungwa. Vioo vya FTO havitupwi: osha masizi kwa sabuni, loweka kioo cha rangi katika alkoholi, na ukichome tena kwenye tawa mpaka kiwe cheupe. Utando usiobanduka utapokea rangi nyingine.